Mwalimu Mwenye Filimbi: Hotuba ya Kumuaga Refa Mkongwe wa Michezo ya Sekondari

Mgeni rasmi, wakuu wa shule, walimu wa michezo, waamuzi wenzangu wa filimbi na wa vibendera, wazazi, na ninyi vijana wetu: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimepewa heshima ya kusema machache kuhusu refa tunayemuaga leo. Uwanjani sote tumezoea kumwita Mwalimu, na hata hapa nitamwita hivyo hivyo, kwa sababu ameniomba jina lake lisitajwe kwenye kipaza sauti. Nimemshikia kibendera katika mechi nyingi, nimekaa naye kwenye vyumba vya waamuzi visivyo na dirisha wala kiti, na nimemsikia akizungumza na watoto pale ambapo jukwaa haliwezi kusikia. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu. Nina jambo moja tu la kuwaambia: kuchezesha mechi za sekondari ni ualimu, na Mwalimu amedumu katika kazi hii kwa heshima kwa sababu hakuwahi kuiona vinginevyo.

Refa wa ligi kubwa anachezesha watu wazima waliosaini mikataba. Refa wa sekondari anachezesha watoto wa miaka kumi na minne, kumi na sita, kumi na minane, ambao miili yao imekua juzi juzi na wenyewe bado hawaijui vizuri. Beki aliyerefuka ghafla tangu msimu uliopita anarusha mguu, unafika mahali ambapo mwaka jana usingefika, na mwenzake yuko chini. Je, amekusudia kuumiza? Mara nyingi hapana. Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo na utovu wa nidhamu, inatenganisha vizuri: aliyecheza kwa uzembe anapigiwa faulo bila kadi, aliyecheza bila kujali hatari anayomsababishia mwenzake anapewa njano, na aliyetumia nguvu kupita kiasi anatoka kwa nyekundu. Kila mmoja wetu aliyakariri hayo kwenye kozi. Lakini kuyasoma kwenye mguu wa mtoto anayekimbia, kwa muda usiozidi kupepesa jicho, huku makocha wawili wanapiga kelele, kunataka mtu anayewafahamu watoto.

Mwalimu anawafahamu. Baada ya faulo ya kwanza mkono wake haukwenda mfukoni haraka. Alikuwa akitembea sambamba na yule mchezaji wakati mpira unawekwa sehemu ya tukio, na kumwambia kwa sauti ya chini, bila kumwangalia usoni, ili wenzake wasijue kwamba anaonywa: "Mwanangu, umechelewa. Ukichelewa tena nitakuandika." Basi. Akichelewa tena, anaandikwa kweli, na hakuna anayeshangaa. Sikumsikia hata mara moja akimwita mtoto mjinga, wala akimrudishia tusi. Akitoa nyekundu alikuwa anasimama mbali kidogo, mkono umenyooka, uso hauna hasira, halafu anahakikisha kuna mtu mzima wa kumpokea yule kijana nje ya mstari. Wazazi, hilo msilichukulie dogo. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliyetolewa mbele ya shule nzima anaweza kufanya jambo baya katika dakika tano zinazofuata, na Mwalimu alizijua dakika tano hizo.

Sasa niwaeleze kazi ambayo wengi wenu hamjaiona, kwa kuwa hufanyika kabla hamjafika. Mwalimu alikuwa anafika uwanjani wakati chokaa bado inamwagwa kwenye mistari. Kitu cha kwanza, kabla ya kusalimiana na makocha, alikwenda golini, akashika mlingoti kwa mikono miwili na kuutikisa kwa nguvu zote. Kisha goli la pili, vivyo hivyo. Sheria inataka magoli yafungwe imara ardhini, hata yale ya kuhamishika. Ni sentensi fupi ambayo ni rahisi kuiruka ukiwa na haraka. Lakini goli la chuma lisilofungwa ni zito, na watoto hupenda kuning'inia kwenye mwamba wakati wa kusubiri. Linapinduka. Watoto wamekufa hivyo katika nchi mbalimbali duniani.

Siku moja tulikuta goli la upande mmoja linacheza. Mwenyeji akasema limekuwa hivyo muda wote na halijawahi kumwangukia mtu. Mwalimu hakubishana naye. Alikaa kwenye benchi, akafungua kamba za viatu, akasema mechi itaanza goli litakapofungwa. Vijana wa timu zote mbili wakaanza kubeba mifuko ya mchanga na kuilaza juu ya chuma cha nyuma, mmoja baada ya mwingine. Mechi ikachelewa sana na kelele za wazazi zikawa nyingi. Mchanga ulipotosha alikwenda kutikisa tena, akafunga kamba za viatu, akapuliza. Dakika tisini zikaisha na hakuna kilichoanguka, na kwa kawaida kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi na mtu yeyote. Mimi naipigia leo.

Baada ya magoli ni viatu. Kila mchezaji anainua mguu, Mwalimu anapitisha kidole gumba kwenye njumu kutafuta iliyovunjika na kuwa kali. Pete zitolewe, hereni zitolewe, bangili zitolewe. Kwa wasichana wanaovaa hijabu hakuwa na maswali, maana tangu mwaka 2014 sheria inaruhusu kifuniko cha kichwa ilimradi ni salama na kinaendana na sare. Nilimwona akimweleza hivyo kocha mmoja aliyetaka mchezaji wa timu pinzani azuiliwe. Alimweleza kwa upole, na akamweleza mara moja tu.

Niwarudishe nyuma kidogo kwenye historia, kwa sababu vijana mnaoanza kozi mnahitaji kujua kwamba uamuzi wa soka la dunia nzima una deni kubwa kwa walimu wa shule. Mwanzoni kabisa, refa hakuwa hata ndani ya uwanja. Kila timu ilileta mwamuzi wake, wawili hao wakishindwa kukubaliana ndipo walipomgeukia refa aliyekaa nje ya mstari. Mwaka 1891 ndipo refa alipoingizwa ndani na kupewa mamlaka, na wale wawili wakapelekwa pembeni na vibendera. Hata hivyo, hakukuwa na utaratibu mzuri wa refa akae wapi na akimbie vipi.

Aliyeupa nguvu utaratibu tunaoutumia hadi leo, wa refa kukimbia kwa mshazari kutoka kona hadi kona huku washika vibendera wakilinda nusu zao, alikuwa Stanley Rous, mwalimu wa michezo katika shule ya Watford Grammar huko Uingereza. Alichezesha fainali ya Kombe la FA mwaka 1934, mwaka huo huo akawa katibu wa chama cha soka cha nchi yake, na mwaka 1938 akaziandika upya sheria za mchezo kwa lugha iliyonyooka. Mwandishi wa sheria zile alikuwa mtu aliyezoea kueleza mambo darasani, na unapozisoma unalihisi hilo. Baadaye Rous aliiongoza FIFA kuanzia 1961, na hapo Afrika ina kesi naye: aliitetea Afrika Kusini ya ubaguzi ibaki ndani ya mchezo, na mwaka 1974 kura za Afrika zilimsaidia Mbrazili João Havelange kumwangusha kwenye uchaguzi wa urais wa FIFA. Nalisema kwa makusudi. Mtu anaweza kuona vizuri sana nani kaotea, halafu akashindwa kuona dhuluma kubwa inayomtazama usoni. Waamuzi vijana, kipaji cha filimbi peke yake hakikutoshi.

Wa pili ni Ken Aston, naye mwalimu, aliyefikia kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini London. Ndiye aliyechezesha ile mechi ya Chile na Italia katika Kombe la Dunia la 1962 ambayo watu waliipa jina la Vita vya Santiago. Ngumi zilirushwa, Waitaliano wawili wakatolewa, polisi wakaingia uwanjani zaidi ya mara moja, na refa hakuwa na lugha ya kuelewana na wachezaji. Miaka minne baadaye, katika robo fainali ya Uingereza na Argentina, nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, aliamriwa kutoka na akakaa muda mrefu bila kutoka. Refa alikuwa Mjerumani, mchezaji anaongea Kihispania. Aston wakati huo alikuwa msimamizi wa waamuzi. Akiwa njiani na gari lake mjini London, taa za barabarani zikamwonyesha jibu: njano, punguza mwendo, nyekundu, simama. Kadi zikatumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Mwalimu mkuu wa shule aliona kwamba mtu asiyeelewa lugha yako anaelewa rangi. Kila mwalimu wa darasa la kwanza analijua hilo.

Nayasimulia haya kwa sababu Mwalimu wetu ndiye aliyenisimulia, tukiwa ndani ya basi tunarudi kutoka mechi, mimi nikiwa mpya na nikiwa nataka sana kupanda daraja haraka. Mnajua ngazi zetu: kozi, mtihani wa sheria, mtihani wa mbio, mechi za madarasa ya chini, kibendera, filimbi, halafu fainali. Wengi wetu tunazitumia shule kama kituo cha kupitia. Ukishapata beji kubwa zaidi, huonekani tena kwenye uwanja wa shule. Mwalimu alizipata daraja hizo, akachezesha ligi za wakubwa, na bado kila msimu wa mashindano ya shule alirudi. Alikuwa akisema kwamba kwenye ligi anachezesha watu walioshaharibika au walioshanyooka, na shuleni anawakuta bado wanaamua.

Kuna mechi moja ambayo sitaacha kuisimulia. Fainali ya wasichana, bao ni moja kwa moja, muda umekwisha karibu wote. Kona inapigwa, kundi linaruka, mpira unatikisa nyavu. Uwanja umelipuka. Watoto wameshaingia ndani kushangilia, kocha yuko magotini. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa goli na niliona mkono. Haukuwa mkono wa kubahatisha. Ngumi ilikwenda juu ya kichwa na kuusukuma mpira. Utaratibu wetu, kwa wasioujua, ni huu: bao likiwa halali, mshika kibendera anakimbia kuelekea katikati ya uwanja. Likiwa na walakini, habanduki pale alipo. Sikubanduka.

Refa mwingine angeshaonyesha katikati kwa mkono, kwa maana kelele zile zilikuwa zinamvuta mtu yeyote. Mwalimu, kabla ya kuonyesha chochote, alinitazama. Kila bao, msimu mzima, hata bao la tano katika mechi iliyokwisha isha, alikuwa anamtazama mshika kibendera kwanza. Siku hiyo tabia hiyo ilimlipa. Akaja mbio, akaniuliza maneno mawili tu: "Umeona nini?" Nikamwambia, mkono, namba nane, wa kulia. Akauliza tena, "Una uhakika?" Nikasema ninao. Sheria inamruhusu refa kubadili uamuzi maadamu mpira haujaanzishwa tena. Akageuka, akanyoosha mkono kuonyesha mpira wa adhabu kwa walinzi, akampa binti yule njano, na uwanja ukageuka kuwa moto.

Alichofanya baadaye ndicho kilichonifanya nimheshimu. Alimwita nahodha wa timu iliyonyimwa bao na kumweleza kwa utulivu: bao limefungwa kwa mkono, msaidizi ameona, uamuzi ni wangu mimi. Alisema wangu mimi. Mechi ilipokwisha mashabiki walinizomea mimi niliyekaa na kibendera, na yeye akatembea upande wangu, kati yangu na uzio, mpaka chumbani. Hakulitaja jambo hilo, na mimi sikulitaja. Washika vibendera mliopo hapa mnajua ina maana gani kufanya kazi na refa asiyekuuza.

Jioni ile ile, kabla hajala, aliandika ripoti. Vijana, ripoti ya mechi ndiyo inayotutenganisha na wapiga filimbi wa mitaani, na hakuna anayetufundisha kuiandika vizuri. Mwalimu hakuruhusu neno la hukumu ndani ya ripoti. Hukuti "mchezaji alikuwa na utovu wa nidhamu". Unakuta: dakika ya 63, mpira ukiwa nje ya uwanja, namba 5 alimpiga namba 11 kofi la shavuni kwa mkono wa kulia, nilikuwa umbali wa mita kumi, hakuna aliyekuwa katikati yetu. Kamati inayokaa wiki mbili baadaye inaona kilichotokea na kuamua yenyewe. Na mtoto anayesomewa ripoti hiyo mbele ya mzazi wake hawezi kusema refa ananichukia. Nimeona mashauri yakiisha kwa dakika chache kwa sababu ya ripoti za namna hiyo, na nimeona mengine yakivuta mwezi mzima kwa sababu refa aliandika hasira zake.

Niseme na hili, hata kama si la sherehe. Tunawapoteza waamuzi vijana. Wanahitimu kozi wakiwa na hamu, wanapewa mechi za watoto wadogo, na huko wanatukanwa na watu wenye umri wa wazazi wao mpaka wanarudisha filimbi. Hali hii haiko kwetu peke yetu. Marekani, ambako michezo ya sekondari ina fedha na viwanja vya kifahari, shirikisho lao la vyama vya michezo ya shule, NFHS, lilitangaza kwamba takriban waamuzi 50,000 wa sekondari waliacha kazi hiyo tangu msimu wa 2018-19. Korona ilichangia, lakini shirikisho hilo lilitaja waziwazi mwenendo mbaya wa wazazi na mashabiki. Mechi zikahamishwa siku au zikafutwa kwa kukosa mtu wa kuzichezesha. Wazazi wangu, nawaheshimu, na nawaambia kwa heshima: yule binti wa miaka kumi na tisa aliyeshika filimbi kwenye mechi ya mwanao ni mtoto wa mtu, naye anajifunza kama mwanao anavyojifunza. Mpira mwanao akiupiga nje humtukani.

Na kwa kuwa nimemtaja binti, Mwalimu alisimamia wanawake wengi katika kazi hii wakati wengine walikuwa wanawapa kibendera cha kupambia picha. Aliwapanga katikati ya uwanja, kwenye mechi za wavulana, tena mechi ngumu. Salima Mukansanga wa Rwanda alipochezesha mechi ya Zimbabwe na Guinea Januari 2022 na kuwa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Mwalimu alinipigia simu usiku. Desemba mwaka huo huo Stéphanie Frappart wa Ufaransa akachezesha Ujerumani na Costa Rica kwenye Kombe la Dunia la wanaume, akisaidiwa na wanawake wawili kwenye mistari. Mwalimu akapiga simu tena, safari hii akinitaka nimkumbushe majina ya wasichana wetu waliofaulu mtihani wa mbio, ili wapangiwe mechi za nusu fainali.

Chama chetu kimemwomba abaki kama mkufunzi na mtathmini, naye amekubali kwa masharti mawili, nami nimeruhusiwa kuyatangaza. La kwanza, refa mpya asipelekwe uwanjani peke yake katika msimu wake wa kwanza. Awepo mkongwe pembeni, asiyevaa sare, ambaye kazi yake ni kusikiliza jukwaa na kumkabili kocha anayevuka mpaka. La pili, semina ya kwanza isiwe ya kuotea wala ya kushika mpira. Iwe ya kukagua uwanja na kuandika ripoti. Wakuu wa shule, sharti la kwanza linahitaji nauli ya mtu mmoja zaidi kwa kila mechi. Tumeshawaletea barua. Tunaomba mtujibu kabla ratiba haijatoka.

Vijana mliojiandikisha kwa kozi, fomu ziko kwa katibu pale mezani, na mje na viatu vya kukimbilia siku ya kwanza, maana mtaanza kwa kutembea mzunguko mzima wa uwanja mkitafuta mashimo.

Nimemaliza yangu. Mwalimu, karibu mbele uzungumze na watu wako.